Rangi kwenye picha ya ubongo hutoka wapi: mwongozo kamili wa utafiti wa fMRI, kuanzia swali hadi matokeo

Kila anayefuatilia habari za sayansi amewahi kuiona ile picha: ubongo wa kijivu, mahali fulani pana doa jekundu au la manjano, na chini yake maelezo kwamba hapo ndipo penye woga, au upendo, au uongo. Picha hiyo hutoka kwenye fMRI, mbinu ya kufuatilia kazi za ubongo kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa. Hakuna kamera iliyoliona doa hilo. Ni hesabu, na kabla haijageuzwa rangi imepita mikononi mwa watu walioamua mambo mengi: washiriki waonyeshwe nini, wawe wangapi, data isafishwe vipi, na namba iwe kubwa kiasi gani ndipo istahili kupakwa rangi. Mwongozo huu unalifuata doa hilo tangu swali linapozaliwa. Nimemlenga mwanafunzi anayejiandaa na utafiti wake wa kwanza, ila hata anayetaka tu kusoma makala za wengine bila kupotoshwa atauhitaji.

Kwanza elewa mashine inapima nini

Mashine ya MRI haisikii seli za neva zikizungumza. Inapima damu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, hubadilika tabia yake ya kisumaku kulingana na oksijeni: iliyobeba oksijeni haiuvurugi uga wa sumaku, na iliyokwisha kuiachia huuvuruga kidogo. Sehemu ya ubongo inapoongeza kazi, mishipa yake hutanuka na damu mpya huja kwa wingi kupita mahitaji. Himoglobini isiyo na oksijeni inapungua pale, uvurugaji unapungua, na ishara ya mashine inapanda. Seiji Ogawa na wenzake waliieleza ishara hiyo mwaka 1990 kwa kutumia panya, wakaiita BOLD, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya ishara inayotegemea kiwango cha oksijeni kwenye damu. Mwaka 1992 makundi kadhaa ya watafiti Marekani yakaipima kwa binadamu, na hapo ndipo fMRI ilipoanza.

Kila kitu kinachofuata kinatokana na tabia tatu za ishara hii, kwa hiyo zishike vizuri. Ya kwanza, inachelewa. Mtu akimulikwa mwanga mara moja, seli zake huitikia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, lakini damu hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6, kisha hushuka hadi chini ya kiwango cha kawaida kabla ya kutulia. Ya pili, ni ndogo: kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) badiliko la kawaida ni asilimia 1 hadi 3, mara nyingi hata chini ya hapo, na mapigo ya moyo, pumzi na kutikisika kwa kichwa vinaweza kuizidi. Ya tatu, ni ya jumla. Picha hugawanywa katika vimchemraba viitwavyo vokseli, na kimoja chenye upande wa milimita 3 kina mamia ya maelfu ya seli za neva. Nikos Logothetis na wenzake walipopima umeme na BOLD kwa pamoja katika nyani mwaka 2001, waliona BOLD ikiendana zaidi na mawasiliano yanayoingia na kuchakatwa ndani ya eneo kuliko na mapigo ya umeme yanayotoka humo. Kwa hiyo vokseli iliyopanda haikwambii ni seli zipi zimefanya kazi, wala kama zilikuwa zikichochea au zikizuia.

Hatua ya 1: Swali kwanza, mashine baadaye

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anapata nafasi ya kutumia mashine, ndipo anaanza kutafuta la kuuliza. Geuza mpangilio huo. Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha ujiulize kama ni swali la wapi, la lini, au la kemikali gani.

Swali la lini ni la EEG au MEG. EEG, ambayo Hans Berger aliirekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuichapisha mwaka 1929, hupima umeme kwenye ngozi ya kichwa kwa usahihi wa milisekunde, ingawa ni vigumu kujua umeme huo umetoka wapi hasa. MEG hupima uga wa sumaku unaozalishwa na umeme huohuo. Swali la kemikali, kwa mfano vipokezi vya dopamini, linahitaji PET, ambamo mshiriki hudungwa dawa yenye mionzi kidogo. Kwa watoto wachanga, ambao huwezi kuwaambia watulie, kuna njia ya kupima damu ya ubongo kwa mwanga kupitia fuvu. Swali la wapi ndilo la fMRI.

Na kuna maswali yasiyohitaji mashine yoyote. Ukitaka kujua kama mbinu moja ya kufundisha inamsaidia mwanafunzi kukumbuka kuliko nyingine, mpe mtihani. Picha ya ubongo wake haitaongeza kitu kwenye jibu hilo.

Hatua ya 2: Jenga ulinganisho

Namba inayotoka kwenye vokseli moja, tuseme 800, peke yake haina maana. Haina kizio. Maana huja pale unapoilinganisha na namba ya vokseli ileile mtu akiwa katika hali nyingine. Ndiyo maana nasema utafiti wa fMRI hufaulu au hufeli kabla mashine haijawashwa: hufaulu au hufeli kwenye kuchagua hali ya pili.

Mfano ninaoupenda ni wa Nancy Kanwisher na wenzake mwaka 1997. Walitaka kujua kama kuna sehemu ya ubongo inayoshughulika na nyuso. Wangeonyesha nyuso na kulinganisha na skrini tupu, nusu ya ubongo wa nyuma ingewaka, maana kuona chochote kunaamsha sehemu za kuona. Wao walilinganisha nyuso na vitu vingine. Kisha wakaendelea kuziba mianya: huenda ni mwanga na mistari tu? Wakaweka nyuso zilizovurugwa vipande. Huenda ni kitu chochote ambacho mifano yake inafanana? Wakaweka nyumba. Huenda ni sehemu yoyote ya mwili? Wakaweka mikono. Eneo dogo upande wa chini wa ubongo liliendelea kupendelea nyuso. Ukipanga utafiti wako, kaa na mtu asiyekubaliana nawe, mwombe ataje kila tofauti iliyopo kati ya hali zako mbili mbali na ile unayoitaka, na usimwache aondoke mpaka kila tofauti imepata jibu.

Baada ya hapo panga muda. Kuna mpangilio wa vipindi, ambapo hali moja hudumu sekunde 15 hadi 30 kisha inapisha nyingine. Huu hutoa ishara yenye nguvu na ni mzuri kwa anayeanza. Kuna pia mpangilio wa matukio, ambapo picha moja moja huja kwa mfuatano uliochanganywa. Huu hukuwezesha kutenganisha, kwa mfano, maswali aliyojibu sawa na aliyokosea, lakini mawimbi ya damu ya matukio jirani hupandana. Dawa yake ni kubadilisha urefu wa nafasi kati ya tukio na tukio. Hilo nililijua kwa uchungu: katika utafiti wangu wa mwanzo niliweka nafasi sawa kila mahali, na kila swali likafuatiwa na jibu baada ya sekunde zilezile 4. Ilipofika kwenye uchambuzi, sikuwa na njia ya kujua wimbi lipi lilikuwa la swali na lipi la jibu. Data yote ya majibu ikaenda bure. Tangu hapo huendesha uchambuzi mzima kwa data ya kubuni kabla mshiriki wa kwanza hajaalikwa.

Hatua ya 3: Idadi ya washiriki, na ahadi ya maandishi

Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walikadiria kwamba uwezo wa kati (median) wa tafiti za sayansi ya neva kugundua kitu kilichopo kweli ulikuwa kama asilimia 21. Utafiti mdogo una madhara mawili: hukosa kilichopo, na kinapobahatika kuonekana huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Idadi inayotosha inategemea swali. Ukilinganisha hali mbili ndani ya mtu yuleyule, makumi ya watu yanaweza kutosha, na ukimpima kila mmoja kwa saa nyingi hata wachache hutoa matokeo thabiti. Lakini ukitaka kuhusisha tofauti za ubongo na tofauti za tabia kati ya watu, kama akili au hali ya huzuni, uko kwenye mlima mwingine. Scott Marek na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba uhusiano wa aina hiyo kwa kawaida ni mdogo mno na unahitaji maelfu ya washiriki. Mwenye watu 30 asijaribu swali hilo kwa data yake mwenyewe. Atumie hazina za data kubwa, kama ya Human Connectome Project au UK Biobank.

Kisha andika nadharia tete yako, maeneo ya ubongo utakayoyaangalia, na njia ya uchambuzi, usajili hati hiyo mtandaoni kabla ya kukusanya data. Itakulinda dhidi yako mwenyewe miezi sita baadaye, utakapokuwa umechoka na unatamani doa lolote liwake.

Hatua ya 4: Siku ya kupima

Sumaku ya tesla 3 ina nguvu karibu mara 60,000 ya uga wa sumaku wa dunia, na haizimwi baada ya kazi. Iko macho usiku na mchana. Mkasi uliosahaulika mfukoni huruka kama risasi. Kwa hiyo uchunguzi wa usalama hufanywa mara mbili: kwa fomu siku chache kabla, na ana kwa ana mlangoni. Uliza kuhusu kidhibiti moyo, klipu za mishipa ya damu, vifaa vya masikioni, vipande vya chuma vilivyowahi kuingia jichoni, ujauzito, na hofu ya sehemu finyu. Mtu akisema hana uhakika, haingii.

Mweleze mshiriki kila kitakachotokea, kwa lugha yake. Kelele ya mashine inaweza kupita desibeli 100, hivyo plugi za masikioni ni lazima. Mpe kitufe cha dharura mkononi na umwombe akibonyeze mara moja kabla ya kuanza, ili ajue kwamba kinafanya kazi na kwamba utaitika. Fomu ya ridhaa ieleze pia mtakachofanya picha ikionyesha kitu kama uvimbe.

Jaza sifongo pembeni mwa kichwa chake. Zungumza naye kati ya kipindi na kipindi. Mtu aliyetulia moyoni hutulia kichwa, na kichwa kilichotulia kina thamani kuliko programu yoyote ya kusahihisha mtikisiko.

Hatua ya 5: Safisha data, ukiitazama kwa macho

Panga faili zako kwa utaratibu uitwao BIDS, ili mtu mwingine, au wewe wa mwakani, azielewe bila kuuliza. Programu ya bure kama fMRIPrep itafanya kazi nyingi za maandalizi: kurudisha picha zote kwenye mkao mmoja, kusahihisha tofauti ya muda kati ya kipande na kipande, kuondoa upotovu wa umbo, na kunyoosha kila ubongo ulingane na ramani ya pamoja. Watu wengi hulainisha pia picha kwa kuchanganya vokseli jirani.

Usiamini tu kwamba programu imemaliza bila kulalamika. Fungua kila mtu mmoja mmoja, chezesha picha zake kama filamu, uangalie. Utaona mstari mweupe pale alipokohoa. Utaona ubongo mmoja umenyooshwa vibaya hadi paji la uso limekatwa. Katika tafiti za mawasiliano kati ya maeneo hili ni zito zaidi: mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kwamba mitikisiko midogo ya kichwa, ya chini ya milimita moja, huzalisha mifumo ya uongo inayoonekana kama mawasiliano ya kweli. Watoto na wagonjwa hutikisika zaidi, hivyo tofauti ya mtikisiko ni rahisi kuidhania tofauti ya ubongo.

Hatua ya 6: Jenga modeli

Hapa tusogee karibu kabisa, hadi kwenye vokseli moja. Chukua mshiriki anayegonga vidole vya mkono wa kulia kwa sekunde 20, anapumzika sekunde 20, anarudia. Tunatazama vokseli iliyo kwenye ukanda wa kuendesha misuli, upande wa kushoto wa ubongo. Akiwa amepumzika inasoma 800, 797, 803. Anaanza kugonga. Sekunde 2 za kwanza, hakuna kitu. Sekunde ya 4 inasoma 807, ya 6 inasoma 815, kisha inabaki karibu na 816. Anaacha kugonga, na kwa sekunde kadhaa bado iko juu, ndipo inateremka, inapita 800 na kugusa 794 kabla ya kurudi. Hizi ni namba za mfano, lakini ndivyo vokseli hai inavyokwenda: badiliko la asilimia 2, likiwa nyuma ya vidole kwa pumzi moja au mbili.

Modeli ni utabiri wa mwendo huo. Unachukua ratiba yako ya kugonga na kupumzika, unaipitisha kwenye umbo la wimbi la damu, unapata mstari unaopanda na kushuka kwa kuchelewa kama damu yenyewe. Kisha unauliza, kwa kila vokseli: mstari huu unaeleza namba zake kwa kiasi gani, tukishaondoa mtikisiko wa kichwa na kupotoka kwa polepole kwa mashine? Jibu ni namba moja kwa kila vokseli. Unafanya hivyo kwa kila mtu, kisha unauliza kama namba hizo zinashikamana kati ya watu. SPM, FSL na AFNI zote hufanya kazi hii bila malipo. Chagua ile ambayo mtu wa karibu nawe anaijua.

Hatua ya 7: Kizingiti

Una vokseli 100,000, na kila moja umeifanyia jaribio la takwimu. Ukikubali uwezekano wa kukosea wa 0.05 kwa kila moja, takriban vokseli 5,000 zitawaka hata kama hakuna kitu chochote. Kwa 0.001 bado ni 100. Craig Bennett na wenzake waliliweka hili wazi mwaka 2009: walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu wenye hisia mbalimbali, wakachambua bila kurekebisha wingi wa majaribio. Vokseli kadhaa ndani ya kichwa cha samaki zikawaka. Waliporekebisha, zote zikatoweka.

Basi rekebisha daima, ama kwa kudhibiti uwezekano wa kosa lolote ubongo mzima, ama kwa kudhibiti uwiano wa makosa kati ya zilizowaka. Ukitumia njia ya makundi ya vokseli, ambapo vokseli jirani zilizowaka huhesabiwa kama kundi moja, usianze na kizingiti legevu, yaani kinachoruhusu vokseli nyingi kuwaka. Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walipima njia hizo mwaka 2016 kwa data ya watu waliopumzika tu, wakakuta katika baadhi ya mipangilio makosa yanafika asilimia 70 badala ya 5 yaliyoahidiwa. Njia ya kuchanganya data mara maelfu na kuhesabu upya ndiyo iliyotulia vizuri zaidi. Inachukua muda. Iache kompyuta ifanye kazi usiku.

Kuna mtego mwingine, wa kuzunguka. Mtu anachagua vokseli zilizoonyesha tofauti kubwa, kisha kwa data ileile anapima ukubwa wa tofauti hiyo. Lazima iwe kubwa, ndivyo alivyozichagua! Chagua eneo kwa data moja, pima kwa nyingine.

Na hata mwenye nia njema huchagua. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, timu 70 zilipewa data moja ya watu 108 na nadharia tete 9 zilezile. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja ya uchambuzi, na kwa baadhi ya nadharia majibu yalitofautiana sana. Kwa hiyo chapisha msimbo wako wote, na ramani nzima ya takwimu kabla ya kukatwa na kizingiti, si vilele peke yake.

Hatua ya 8: Tafsiri

Umepata doa kwenye amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, wakati watu wanaangalia picha za wanasiasa. Kishawishi ni kuandika kwamba wanawaogopa. Russell Poldrack alilitaja kosa hili mwaka 2006: woga huamsha amigdala, lakini si kila kinachoamsha amigdala ni woga. Huamka kwa furaha, kwa kitu kipya, kwa harufu, kwa uso wowote wenye jambo. Kurudi nyuma kutoka eneo hadi hisia kunakubalika tu kama eneo hilo haliitikii mambo mengine, na maeneo ya namna hiyo ni machache.

Usiandike pia kwamba eneo linasababisha. fMRI inaonyesha kinachoambatana. Lile eneo la nyuso lilipata ushahidi wa usababishi kwa njia nyingine: mwaka 2012 madaktari walimchochea kwa umeme mgonjwa aliyekuwa tayari na elektrodi kwenye eneo hilo kwa ajili ya kifafa, naye akaona uso wa mtu aliyekuwa mbele yake ukibadilika umbo. Sasa mnyororo wa ushahidi una pete mbili.

Yapo matokeo yaliyosimama miaka mingi kwa sababu yamerudiwa na watu wengi. Bharat Biswal mwaka 1995 aligundua kwamba maeneo ya kuendesha misuli ya kushoto na kulia hupanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa amelala tu bila kazi. Marcus Raichle na wenzake mwaka 2001 walieleza mtandao unaofanya kazi zaidi tunapoachiwa mawazo yetu kuliko tunapopewa jukumu. James Haxby, mwaka huohuo, alionyesha kwamba aina ya kitu anachokiona mtu inaweza kusomwa kutoka kwenye mpangilio wa vokseli nyingi, hata zile zisizowaka sana.

Lakini ninayeanza naye kila ninapofundisha ni mwanamke aliyeelezwa na Adrian Owen na wenzake mwaka 2006. Baada ya ajali ya gari alihesabiwa kuwa hana fahamu. Wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea ndani ya nyumba yake, chumba hadi chumba. Maeneo mawili tofauti yaliwaka kwa zamu, sawa na kwa watu wazima wa afya. Mwaka 2010 Martin Monti, Owen na wenzao wakapima wagonjwa 54, na 5 waliweza kufanya hivyo. Mmoja wao walimuuliza maswali 6 ya maisha yake, tenisi ikiwa ndiyo na nyumba ikiwa hapana au kinyume chake. Matano yalijibiwa sawasawa. Kwa la sita, maeneo yote mawili yalikaa kimya, nao wakaandika kwenye matokeo kwamba yalikaa kimya.